MREJESHO: Chumba cha bei nafuu Berlin, nimepata

Habari zenu wakuu. Niliuliza mwanafunzi mwenye kipato kidogo apangeje Berlin, mkanishauri nitafute chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, pembeni ya mji. Nimepata Spandau, na treni ya U7 inanifikisha hadi Neukölln bila kubadilisha.

Aliyeniambia niulize Warmmiete, yaani kodi pamoja na gharama za joto, maji na taka, Mungu ambariki. Matangazo mengi yanatanguliza Kaltmiete, yaani kodi bila gharama hizo, na tofauti yake inauma. Umeme mara nyingi bado uko nje.

Mwenye nyumba alitaka dhamana yote kwa mkupuo. Nikamwonyesha kifungu cha 551 cha sheria ya kiraia ya Ujerumani: dhamana isizidi Kaltmiete ya miezi 3, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Akakubali. Jamani, sheria hii wageni wengi hawaijui na wanakopa bure!

Barua ya kuthibitisha makazi kanipa pia, maana unatakiwa kuandikisha anwani yako serikalini ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Mwenye nyumba anayedai yuko nje ya nchi na funguo atatuma kwa posta ukishalipa, mkimbieni.

Anayehitaji barua yangu ya maombi ya Kijerumani aseme, nitamtumia.