Pikipiki milimani: niende Machi au Oktoba?

Kutoka: mwalimu, Nonthaburi

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mtu wa Malindi, nafundisha Kiingereza katika shule moja hapa Nonthaburi, jirani na Bangkok, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Muda wote huo nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo kwa safari moja: nikodi pikipiki Chiang Mai, nipite Laos, nitokee Hanoi, nimalizie Ha Giang, milima ya kaskazini kabisa mwa Vietnam. Nyumbani niliendesha pikipiki miaka sita, kwa hiyo chombo chenyewe hakinitishi.

Shida ni kalenda. Walimu wenzangu mnaijua: muhula wa kwanza unaisha karibu tarehe 10 Oktoba na wa pili unaanza mwanzoni mwa Novemba, hapo katikati tuna wiki tatu hivi. Likizo kubwa ni ile ya Machi hadi katikati ya Mei. Naelekea kuchagua Machi kwa sababu ni ndefu, ni kiangazi, na mvua hakuna. Mlioishi huko juu mnaonaje?

Kutoka: Chiang Mai

Mdogo wangu, Machi usije.

Nimeishi hapa miaka kumi na moja, na mwezi huo ndio ninaoogopa kuliko yote. Mashamba ya mahindi yanachomwa baada ya mavuno, misitu inashika moto, na mji huu uko bondeni, kwa hiyo moshi unakaa tu juu yetu kama mfuniko wa sufuria. Doi Suthep ni mlima ulio juu ya mji kabisa, lakini wiki nzima unaweza kupita usiuone. Machi 2023 kuna siku Chiang Mai iliongoza orodha ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Mke wangu anaziba nyufa za madirisha kwa taulo zenye maji, na mtoto wetu wa pili anakohoa mpaka Aprili. Sasa wewe uje upande mlima saa sita kwa siku ukivuta hewa hiyo, na ukifika juu huoni kitu? Moshi huo hauishii Thailand, unafunika Laos ya kaskazini na Myanmar pia. Halafu tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wa Kithai. Watu wanamwagia maji kila anayepita barabarani, na mwenye pikipiki hawamwachi. Siku hizo ajali ni nyingi mno, mimi huwa sitoi pikipiki nyumbani.

Nikueleze majira ya huku kwa lugha ya kwetu, maana wewe ni wa pwani na utanielewa haraka kuliko wa bara. Kusi inayovuma kwenu kuanzia Aprili haiishii Malindi. Inavuka ikweta, inapita kando ya Somalia, inageuka kuelekea mashariki, inakata Bahari ya Hindi ikibeba maji, na kufikia Mei iko juu yetu. Hizo ndizo mvua za huku, Mei hadi Oktoba, na Agosti na Septemba ndio kilele. Majahazi yakianza kungoja kaskazi Novemba, na sisi huku tunapata upepo mkavu na baridi kutoka upande wa China. Kwa milima ya Thailand na Laos basi shika hivi: kusi ni mvua, kaskazi ni ukavu.

Pwani ya katikati ya Vietnam ni kinyume, na hapo ndipo wengi wanapoharibu safari. Kaskazi kabla ya kufika kule inapita juu ya bahari, inachota maji, inagonga milima ya Truong Son na kuyamwaga yote Hue, Da Nang na Hoi An. Kwa hiyo Novemba mimi naanika nguo nje bila wasiwasi, na siku hiyo hiyo mtu wa Hoi An anapandisha fanicha ghorofani. Ukisikia mtu anasema "Novemba ni msimu mzuri Vietnam", muulize: Vietnam ipi?

Ushauri wangu ni Oktoba, tena nusu ya pili. Mvua za kaskazini zinakatika, milima bado ni kijani, maporomoko ya maji yamejaa, hewa ni safi. Uwe na siku mbili tatu za akiba, maana mvua za mwisho zinaweza kuchelewa. Oktoba 2024 mto Ping ulifurika hapa mjini, na mwezi uliotangulia kimbunga Yagi kilileta maporomoko ya ardhi Vietnam ya kaskazini na mafuriko Mae Sai, mpakani mwa Thailand na Myanmar.

Ila nchi tatu kwa wiki tatu, hapana. Pikipiki ya kukodi kwa kawaida hairuhusiwi kuvuka mpaka, kwa hiyo utakodi upya kila nchi, na Laos barabara ya milimani kati ya Vang Vieng na Luang Prabang baada ya mvua ni tope na malori. Laos iache kwa Desemba ya mwaka mwingine. Chukua siku sita hapa kwetu uzunguke Mae Hong Son: Chiang Mai, Mae Sariang, Mae Hong Son, Pai, kurudi Chiang Mai. Ni kilomita 600 hivi, na wenyewe wanajivunia kwamba ina kona 1,864. Ongeza siku moja ya Doi Inthanon, mita 2,565, mlima mrefu kuliko yote nchini. Anza kwa upande wa Mae Sariang, kona zake ni pana. Za Pai zimebanana, afadhali uzifikie mikono ikiwa imeshazoea. Kisha panda ndege uende Hanoi.

Na jambo moja la karatasi ambalo limewaumiza wenzetu wawili ninaowajua: kabla hujatoka Thailand, chukua kibali cha kuingia tena. Baht 1,000 kwa safari moja. Bila hicho, ruhusa yako ya ukaazi inakufa siku unayopigiwa muhuri wa kutoka, hata kama ina miezi minane mbele, na mwajiri wako ataanza viza yako upya.

Kutoka: Hanoi

Nakubaliana na kaka wa Chiang Mai kwa yote. Mimi ni Mhaya, nipo Hanoi mwaka wa sita, na Ha Giang nimepanda mara nne katika miezi minne tofauti. Niseme yangu.

Julai ilikuwa kosa. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, udongo ukaporomoka mbele yetu kabla ya Yen Minh, tukalala kwenye nyumba ya watu wasiotufahamu, wakatulisha, na asubuhi wakakataa hela. Januari sikuona bonde hata moja, ni ukungu mtupu, na Dong Van usiku baridi inakaribia sifuri. Vidole havikunji breki. Mapema Machi maua ya pichi na plamu yalikuwepo, lakini mawingu yalikuwa chini. Mwisho wa Oktoba ndio wenyewe. Mpunga unakuwa umeshavunwa, kama unataka ngazi za mashamba zikiwa za dhahabu ungekuja Septemba, ila badala yake kuna maua ya baki-wheti, nafaka ya huko, ya rangi ya waridi, yanafunika miteremko kati ya mawe. Ukisimama kwenye kipito cha Ma Pi Leng, mto Nho Que uko chini yako kama uzi wa kijani. Barabara hiyo inaitwa Hanh Phuc, maana yake Furaha. Vijana wa makabila ya huko waliichonga kwa mikono kuanzia 1959 hadi 1965, na pale Ma Pi Leng walifanya kazi wakining'inia kwa kamba. Tafadhali simama, usipite tu ukipiga picha. (Kwenye ramani mpya utaona jina la Tuyen Quang. Mikoa iliunganishwa Julai 2025, lakini kila mtu bado anasema Ha Giang.)

Sasa leseni. Vietnam wanatambua leseni ya kimataifa ya udereva ya mkataba wa barabara wa 1968. Kuna vijitabu vya mkataba wa 1949 vinavyofanana navyo sana, kwa hiyo soma jalada la chako. Halafu fungua ndani uone kama kundi la pikipiki limepigwa muhuri. Leseni ya gari peke yake haisaidii. Polisi wa Ha Giang wanasimamisha wageni na wanakagua kwelikweli, lakini faini ndiyo hasara ndogo. Bima ya safari ikigundua ulikuwa huna leseni ya chombo ulichoendesha, hailipi hospitali. Tulishawahi kuchangishana hapa jumuiyani kwa kijana aliyevunjika paja, na bima yake ilikuwa imelipiwa kikamilifu. Sitaki kuchanga tena kwa sababu hiyo.

La pili ni breki. Ukikodi, chukua pikipiki yenye gia, hata hizi ndogo zisizo na klachi ya mkono. Mara yangu ya kwanza duka lilinipa skuta isiyobadilishwa gia, na nikishuka kutoka lango la Quan Ba breki zilipata moto zikaanza kuteleza mkononi. Nilisimama kwa kuegemea ukingo wa mlima, nikakaa chini nusu saa nzima. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa anajua: mlima unashuka kwa gia, breki ni ya kusaidia tu. Kama hujiamini, au leseni haijakamilika, hakuna aibu kupakiwa. Vijana wa huko wanabeba wageni nyuma kama bodaboda siku tatu au nne nzima, wanaijua kila kona.

Jua linazama saa kumi na moja na nusu. Saa kumi uwe umeshafika unapolala.

Kutoka: mwalimu, Nonthaburi

Kaka, dada, ahsanteni sana. Sikuwa najua hata nusu ya haya. Nimefungua leseni yangu ya kimataifa jana usiku: ni ya 1949. Jumatatu naanza kutafuta ya 1968. Nimeamua Oktoba: siku saba kwenu Chiang Mai, kisha Hanoi. Swali moja limebaki. Ile likizo ya Machi bado ipo kila mwaka. Hakuna mlima hata mmoja ninaoweza kupanda Machi bila moshi?

Kutoka: Hanoi

Upo, na mimi naupenda kuliko Ha Giang, ila sisemi mbele ya wenyeji wangu. Ruka hadi Da Nang. Machi mvua za kule zimeshaisha, kipito cha Hai Van kinapitika vizuri, bahari chini yako. Kisha ingia bara kwa barabara ya Ho Chi Minh: Kon Tum, Buon Ma Thuot, hadi Da Lat iliyo mita 1,500 juu, jioni unavaa sweta. Njiani ni mashamba ya kahawa ya robusta, kilomita baada ya kilomita, na kati ya Februari na Machi yanachanua meupe. Nilizima injini nikavua helmeti, harufu ikanipeleka moja kwa moja kwenye kibanja cha bibi yangu Bukoba, nikalia peke yangu pale barabarani.

Kwa Oktoba lete glavu, koti la mvua la vipande viwili (yale ya kipande kimoja yanapepea na kuingia kwenye gurudumu), na viatu vinavyofunika kifundo. Viza omba mtandaoni wiki mbili kabla, tangu Agosti 2023 ni kwa raia wa nchi zote na inafika siku 90. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Basi la kwenda Ha Giang ni la kulala, saa sita hadi saba. Ukifika Hanoi nipigie kabla hujalipanda, ule kwanza nyumbani.