Naomba ushauri: paneli za bati zenye povu kwa nyumba na baraza hapa Uyole, nichukue milimita 50 au 75?

Mwana wa Uyole (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Uyole, Mbeya, niliyoipaua miaka sita iliyopita kwa bati la geji 30 bila kuweka dari, kwa sababu fedha ziliniishia. Kuanzia Juni hadi Agosti, anga likiwa halina mawingu na baridi ya usiku ikishuka chini ya nyuzi 10, bati hutoka jasho upande wa ndani, na ikifika alfajiri matone yanadondoka vitandani. Ninaishi na mama yangu mzazi, na kifua chake si kizuri. Nimeamua kuezua na kuweka zile paneli zenye bati pande mbili na povu katikati, na papo hapo niongeze baraza la nyuma la mita 6 kwa 4 kwa ajili ya kukalia. Swali langu ni moja tu: nichukue za milimita 50 au 75? Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Mkulima wa Njombe
Ndugu, mimi nisingeezua. Nyumba yangu ya Njombe ilikuwa na shida hiyo hiyo, na kwa miaka miwili nilidhani bati linavuja, nikawa ninapanda juu kila mwezi kuziba misumari ambayo haikuwa na kosa lolote. Jasho lile ni mvuke wa ndani: pumzi za watu, chai inayochemka, nguo zinazoanikwa sebuleni. Hewa hiyo ya joto hupanda, ikakutana na bati lililopoa, ikageuka maji. Niliweka dari, nikaacha matundu yenye wavu kwenye kuta za pembetatu za pande mbili ili hewa ya juu ya dari ipite, na matone yakaisha bila kung'oa bati hata moja. Watoto wangu siku hizi hulala hadi saa moja, zamani walikuwa wakiamshwa na maji usoni.

Bibi wa Tukuyu
Mwanangu, kabla ya milimita, mhamishe mama kitanda usiku wa leo. Jumamosi ni mbali kwa mtu mwenye kifua. Sisi Tukuyu tunanyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo unyevu wa nyumba tunaufahamu vizuri: mzee huanza na kikohozi kidogo cha asubuhi, watu wakakizoea, na mwisho wake ni kulazwa. Paa litakuja kwa wakati wake.

Fundi Kenchi
Mleta uzi, unene peke yake hauwezi kukupa jibu, maana milimita 50 za poliyurethani, lile povu la manjano lenye vitundu vidogo sana, huzuia joto kupita karibu sawa na milimita 80 za polistirini nyeupe. Naomba unijibu mambo manne. Povu lako ni la aina gani? Papi zako, zile mbao zinazolala juu ya kenchi na kushika bati, zimepishana kwa umbali gani? Baraza litakuwa na mteremko kiasi gani? Na chini ya baraza hilo kutafanyika shughuli gani?

Mwana wa Uyole
Ahsante, fundi. Povu ni jeupe. Papi zimepishana kama mita moja, na kenchi ni mbao za paini kutoka Sao Hill. Mteremko wa baraza ni sentimita 15 kutoka ukutani hadi mwisho wa mita 4. Kuhusu shughuli, nimekwisha kusema kwamba ni la kukalia.

Fundi Kenchi
Sentimita 15 kwa mita 4 ni kama nyuzi 2 tu za mteremko. Maji yatatembea polepole mno, na mvua ya upepo itayarudisha nyuma kwenye maungio. Mimi sishuki chini ya nyuzi 5, yaani karibu sentimita 9 kwa kila mita, kwa hiyo baraza lako lishuke sentimita 35 hivi. Pili, bati tupu la geji 30 ni jepesi sana. Paneli yenye mabati mawili ya nusu milimita pamoja na povu lake inafika kilo 10 kwa mita moja ya mraba. Kenchi zikaguliwe kwanza, hasa kama mbao zilipigwa zikiwa mbichi.

Nakuuliza tena kwa heshima. Hakuna mtu wa Uyole anayekaa nje jioni ya Julai bila moto. Je, kutakuwa na jiko chini ya paneli hizo?

Mwana wa Uyole
Ndiyo, fundi, jiko litakuwepo. Sikulitaja kwa sababu sikuona kama linahusiana na unene. Ni jiko la kujengwa kwa matofali, la kuni na mkaa, ambalo mama atapikia na jioni tutaota moto wote pamoja. Limejengwa tayari. Bomba la moshi litapita katikati ya paneli na kutokea juu. Niseme pia kwamba nusu ya fedha za paneli nimekwisha kulipa, za nyumba na za baraza. Lakini dari la baraza litakuwa na urefu wa mita 2.7, moto hauwezi kufika huko, na muuzaji amenihakikishia kwamba povu liko ndani ya bati, halionani na moto.

Fundi Kenchi
Ndugu yangu, hapo ndipo uzi huu ulipopaswa kuanzia. Polistirini nyeupe huanza kulainika na kusinyaa joto likikaribia nyuzi 100. Miali haihitaji kuigusa. Bomba la moshi wa kuni hupata joto kubwa kuliko hilo, na wewe unalipitisha ndani ya povu lenyewe, mahali ambapo bati limekatwa na povu liko wazi. Likiyeyuka hudondoka likiwaka, na moshi wake ni mweusi na wenye sumu. Kwa mama mwenye kifua, moshi huo utatangulia kabla ya moto.

Usiniamini mimi, chukua kipande kilichokatwa. Ukisugua ukingo kwa kidole gumba na zikatoka punje nyeupe kama mtama, hiyo ni polistirini. Kitie kiberiti nje, mbali na nyumba, usimame upande upepo unakotokea. Ile ya poliisosayanureti, povu gumu la jamii ya poliyurethani, huungua juu ikawa mkaa; hii yako itajikunja na kudondoka. Sufu ya mawe, yaani nyuzinyuzi za mawe yaliyoyeyushwa zinazowekwa badala ya povu, haitawaka kabisa, ila ni nzito zaidi.

Mpangaji wa Iringa
Nakubaliana na fundi. Jengo la Grenfell jijini London liliungua Juni 2017 na watu 72 wakafariki, na moto ulipanda kwa kasi kupitia paneli za nje zilizokuwa na aluminiamu pande mbili na plastiki katikati. Lile lilikuwa ghorofa refu na hili ni baraza, lakini plastiki iliyofunikwa kwa bati haiachi kuwa plastiki.

Msomaji wa Makambako
Wakuu, mimi nina mashaka. Akaunti hii ina siku tatu. Mtu analipa nusu ya fedha halafu ndipo anauliza unene? Jiko linajengwa kabla ya paa? Na kila tunapobanwa kunatokea jambo jipya la kusikitisha kuhusu mama. Nimewahi kusoma nyuzi za namna hii ambazo mwisho wake hutajwa namba ya muuzaji. Kama ni kweli, atueleze kitu ambacho muuzaji asingekijua.

Mwana wa Uyole
Sitataja muuzaji yeyote, wala sina namba ya kumpa mtu. Akaunti ni mpya kwa sababu nimejiunga ili niulize hili. Jiko limetangulia kwa kuwa mama alikuwa akipikia kwenye mvua chini ya turubai, na matofali nilikuwa nayo. Ndani, juu ya kitanda chake nimefunga nailoni kwa kamba kwenye papi, imelegea katikati kama bembea, na kila asubuhi ninaitoboa kwa msumari ili maji yaliyokusanyika yashukie kwenye beseni la bluu. Leo hayakujaa hata kikombe. Wiki iliyopita yalizidi lita moja.

Nimefanya jaribio la fundi. Punje zilitoka. Kipande kilijikunja kabla sijakifikishia kiberiti vizuri, kikadondoka kwenye majani na kuendelea kuwaka. Mama alikuwa mlangoni akanitazama, akauliza kama hicho ndicho kitakachowekwa juu ya jiko lake.

Msomaji wa Makambako
Nakuomba radhi, ndugu. Mtu anayetoboa nailoni kila asubuhi hatungi hadithi.

Mkulima wa Njombe
Narudia yangu: dari na matundu ya hewa kwa nyumba. Paneli nazo hutoka jasho kwenye maungio yasiyozibwa kwa ndani, kwa sababu hewa yenye mvuke hupenya hapo hapo.

Mwana wa Uyole
Nimetoka kwa muuzaji sasa hivi. Fedha harudishi, ila amekubali kubadilisha aina. Za nyumba nitachukua povu la manjano milimita 50, na nitaziba maungio kwa ndani kama mkulima alivyosema. Najua dari lingekuwa nafuu, lakini bati la zamani limeanza kutoboka kwa kutu na ningeezua tu. Baraza litapauliwa kwa bati tupu la geji 28, kwa mteremko wa sentimita 35, na bomba litapita kwenye tundu pana lenye kola ya chuma, mbali na mbao. Kitanda cha mama tumekisogeza hadi sebuleni, bibi, mahali ambapo hapadondoki.

Fundi Kenchi
Sawa. Ncha za paneli zote zifunikwe kwa bati la pembeni, la sivyo panya watachimba povu na kuzaliana humo. Kabla ya Jumamosi panda na futi, unipimie umbali wa kenchi hadi kenchi na unene wa mbao zenyewe, kisha uandike hapa. Kilo 10 kwa mita si mchezo kwa paini ya miaka sita.

Mwana wa Uyole
Napanda kesho asubuhi, jua likishakausha bati.