Rhine ikikauka: wachonge mwamba au wapunguze mzigo?

Kiberenge: Wakuu, Wajerumani wana mpango wa kuchonga chini ya mto Rhine, kipande cha kati ya Mainz na St. Goar, njia ya meli itoke kina cha mita 1.90 iwe 2.10. Sababu ni ukame, 2018 na 2022 maji yalishuka sana pale Kaub, kamji kenye kipimo cha maji kwenye kipande hicho, matishari yakawa yanapita na theluthi ya mzigo au chini ya hapo. Wanamazingira hawataki. Mi nasema wachonge tu, mto wa kilometa 1,320 unaobeba mafuta, makaa, nafaka na kemikali kati ya Rotterdam na Basel hauwezi kukwamishwa na mwamba.

MzeeWaTuliza: 2018 Kaub ilisoma sentimita 25. Ishirini na tano!! Hapo kuku anavuka. Mnachonga mto au mnachonga barabara?

Nyundo_KO: Mzee hiyo 25 ni namba ya kwenye kipimo cha pale ukingoni, sio kina. Njia ya meli ilikuwa na kama mita moja zaidi ya hapo. Halafu mleta mada, sio 1,320, ni 1,230.

Kiberenge: Acha bana, 1,320 nimekaririshwa shule na kwenye vitabu ipo.

Nyundo_KO: Ndo vitabu hivyohivyo vilivyokosea. 2010 mtafiti mmoja wa chuo cha Köln ndo aliigundua, inaonekana zamani huko mtu aliandika tarakimu mbili zimepishana, wengine wakanakili, miaka inaenda.

Kijiko: Kumbe kudesa hata Wajerumani wamo 😂😂

MzeeWaTuliza: Kilometa 90 zinapotea hivihivi, hiyo ni kutoka Dar unakaribia Chalinze! Haya ndo matatizo ya kupokea elimu kutoka kwa wabeba boksi.

Nyundo_KO: Nani mbeba boksi? Mimi naishi Koblenz mwaka wa kumi huu, na 2018 nilienda Kaub mwenyewe nikavuka kwa miguu mpaka kwenye kile kingome cheupe cha kisiwani, Pfalzgrafenstein, siku zote kinafikiwa kwa boti. Kokoto kavu, kome wamepasuka wananuka, watu wanapiga selfi. Petroli ikapanda sababu meli za mafuta hazipandi na mzigo wa maana. Wewe huo mto umeuona wapi?

MzeeWaTuliza: Sijakataa umeenda. Nauliza boksi unabeba au hubebi.

Kijiko: Jamani mada 🤣

BintiMaji: Mada yenyewe hamuigusi. Kuchonga hakuongezi maji hata tone, barafu ya Alps inapungua na mvua za kiangazi hazieleweki. Na mnasahau 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz jirani na Basel liliungua, maji ya kuzimia moto yakaingia mtoni, mto ukawa mwekundu, mikunga wakafa kwa maelfu. Imechukua miaka kuurudisha, sasa mnataka kuvuruga kokoto samaki wanapotagia.

Kiberenge: Sandoz imeingiaje hapa? Hiyo ilikuwa moto sio kina.

BintiMaji: Na 1,320 yako imeingiaje?

Kiberenge: Nishasema vitabu!! Na kama mnataka kunifundisha, mbona vibao vya kilometa ukingoni vinaishia elfu moja thelathini na kitu pale Hoek van Holland, mto unapoingia baharini? Hapo hata 1,230 haipo.

Nyundo_KO: Kwa sababu sifuri ya vibao iko kwenye daraja la Konstanz, sio kwenye chanzo. Toka Ziwa Toma kule milimani Uswisi mpaka hapo hakuna anayehesabia meli.

MzeeWaTuliza: Kwahiyo kuna namba tatu. Mto mmoja, namba tatu. Na bado mnataka niamini hizo sentimita 20.

Nyundo_KO: Mzee njoo Koblenz, nauli juu yangu, tupime kwa kamba.

MzeeWaTuliza: Nauli ya boksi ngapi hiyo?