Dramu za programu: nimebonyeza hiyumanaizi, sasa zimeharibika zaidi. Nianzie wapi?

gita_na_besi

Wakuu, habari za kazi. Narekodi nyumbani. Gita, besi na sauti napiga na kuimba mwenyewe, dramu ndizo natengeneza kwa programu. Wimbo una mwendo wa 96 kwa dakika, nne kwa nne, haihati (toazi mbili zinazofungwa kwa mguu) inatembea kwa nusu hesabu, snea (ngoma kali ya katikati) iko kwenye hesabu ya pili na ya nne. Noti zote nimechora kwa mausi, zimekaa juu ya gridi (mistari ya hesabu kwenye skrini), velositi (nguvu ya pigo) 100 karibu kila mahali.

Zilisikika kama saa ya ukutani. Nikachagua noti zote nikabonyeza hiyumanaizi, kitufe cha kuzifanya zisikike kama za binadamu, kwa asilimia 30. Sasa kiki (dramu kubwa ya mguu) na besi zimeachana, na kwenye kiitikio kila krashi (toazi la kishindo) inasikika kama imepigwa mara mbili. Nimeongeza riverbu (mwangwi wa chumba), imezidi kuwa tope tu.

Je, tatizo ni maktaba ya sauti (rekodi za dramu) niliyonayo, au ni namna ninavyoandika? Na kipi kinatangulia, nguvu za mapigo au muda?

---

vijiti_viwili

Mkuu, rudisha kwanza noti zote kwenye gridi. Hiyumanaizi inasogeza kila noti kwa bahati nasibu, na kila moja kivyake. Mpiga dramu hakosei hivyo. Akichelewa kufika kwenye krashi, mguu wake wa kiki unachelewa pamoja na mkono, kwa sababu ni mwili mmoja. Programu yako imesogeza kiki mbele kidogo na krashi nyuma kidogo, zikaachana labda milisekunde 15 au 20, na sikio linasikia mapigo mawili. Ndiyo hiyo krashi yako. Na ndiyo hiyo besi pia: ulipiga ukiifuata kiki iliyokuwa mahali pengine.

Nguvu zinatangulia, muda unafuata. Ukiweka nguvu sawasawa huku kila kitu kikiwa juu ya gridi, sehemu kubwa ya umashine inaondoka yenyewe. Velositi inakwenda 1 hadi 127, na kwenye maktaba nzuri haibadilishi ukubwa wa sauti peke yake. Snea iliyorekodiwa kwa matabaka inatoa sauti tofauti ikipigwa kidogo, wastani au kwa nguvu. Ukiandika 100 kila mahali unalipigisha tabaka moja wimbo mzima. Ukiandika 127 kila mahali unapata pigo lile la hasira kuanzia ubeti wa kwanza, halafu kiitikio hakina pa kupanda.

Chukua baa moja tu na uijenge vizuri. Kwa mwendo wako ningeanza hivi:

Haihati, nusu hesabu nane kwa mfuatano: 98, 64, 92, 60, 96, 66, 90, 70.
Snea: hesabu ya pili 112, ya nne 116.
Kiki: hesabu ya kwanza 110, ya tatu 104, na nusu inayofuata ya tatu 90.
Mapigo ya chini chini ya snea: robo ya mwisho ya hesabu ya pili kwa 28, na robo ya pili ya hesabu ya tatu kwa 34.

Tazama haihati. Pigo la juu ya hesabu ni zito kwa sababu mkono unashuka na shingo ya kijiti inagusa ukingo wa toazi; la katikati ni jepesi kwa sababu mkono unapanda na ncha ndiyo inayogusa. Mpishano huo wa zito na jepesi ndio unaobeba wimbo. Kama maktaba yako ina noti tofauti za ncha na shingo, zitumie kwa mpangilio huohuo badala ya kutegemea velositi peke yake.

Mapigo ya chini chini yasizidi 45. Yakisikika waziwazi kama snea ya kawaida, umeyapandisha mno. Yazime, sikiliza, yarudishe: ukihisi kitu kimepungua bila kujua ni nini, yako mahali pake.

Kisha hesabu viungo. Mikono miwili, miguu miwili. Katika nukta moja ya muda mikono haiwezi kugusa vitu vitatu. Watu wengi wanaochora kwa mausi wanaacha haihati iendelee chini ya krashi na snea, na msikilizaji asiyejua kupiga dramu bado anahisi kuna kitu hakiko sawa. Pale krashi inapopigwa, futa noti ya haihati ya nukta hiyo. Ukitaka haihati isikike hapo, tumia ya mguu, ambayo kwenye ramani ya kawaida ya MIDI (lugha ya noti kati ya vyombo na kompyuta) ni noti namba 44.

Kuhusu ramani: 36 kiki, 38 snea, 42 haihati iliyofungwa, 46 iliyo wazi, 49 krashi, 51 raidi (toazi la kushika mwendo). Fuata namba, achana na majina ya noti. Programu moja inaiita 36 kuwa C1, nyingine inaiita C2, na hapo ndipo mtu anapiga tomu inatoka kengele ya raidi.

---

chumba_na_maiki

Naongezea kwa upande wa sauti, kwa sababu umetaja riverbu.

Maktaba kwanza. Weka noti nane za snea mfululizo, zote kwa velositi 100, usikilize peke yake. Zikifanana kabisa kama risasi za bunduki, maktaba ina rekodi moja tu kwa tabaka hilo. Zikitofautiana kidogo, ina rekodi kadhaa zinazopokezana, na hiyo inatosha kwa kazi. Kama hazifanani ila matabaka ni mawili tu, bado utahangaika. DrumGizmo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, na seti zake zimerekodiwa kwa maiki nyingi kwa wakati mmoja, pamoja na sauti inayovuja kutoka kifaa kimoja kwenda maiki ya kingine. Kwa mtu anayetafuta uhalisia, huo uvujaji ni dhahabu.

Ukilazimika kubaki na maktaba ya rekodi moja: pokezana velositi kama alivyosema mkuu hapo juu, shusha na pandisha kimo cha noti kwa senti 5 hadi 8 (senti 100 ni nusu toni) pale pigo linapojirudia haraka, na unganisha chujio linalokata sauti za juu na velositi ili pigo dogo liwe na giza kidogo. Snea ya kweli ikiguswa polepole haitoi ule mng'ao.

Sasa riverbu. Dramu zote zinasikika ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo sauti ya chumba iwe moja. Ukiweka riverbu ya ukumbi kwenye snea, nyingine kwenye tomu, na kiki ikabaki kavu, sikio linakutana na vyumba vitatu. Zima zote. Fungua maiki za juu (zilizowekwa juu ya seti nzima) za maktaba yako uzisikilize peke yake: hapo unatakiwa usikie seti nzima, yenye kulia na kushoto. Hizo ndizo msingi. Kisha ingiza maiki ya kiki mpaka uzito urudi, halafu ya snea mpaka pigo liwe na mwili. Mwisho maiki ya chumba. Ibane kwa kompresa (kifaa cha kushusha sauti zinazozidi) ya uwiano wa 8 kwa 1 hivi, shambulio (muda wa kushika) la haraka, uachiaji (muda wa kuachia) wa milisekunde 100 hivi, uichanganye chini chini mpaka seti ipate kina. Kwenye snea yenyewe fanya kinyume: shambulio la milisekunde 20 hadi 30, ili ule mlio wa kwanza wa kijiti upite kabla kompresa haijashika.

Usizisogeze maiki za juu ili zilingane na ya snea. Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja inachukua karibu milisekunde 3. Ucheleweshaji huo ndio unaoliambia sikio kwamba kuna umbali. Unachoweza kujaribu ni kugeuza polariti (upande wa wimbi la sauti) ya maiki ya snea. Acha upande unaokupa uzito zaidi wa chini.

Tatizo linalowakwamisha wengi: umechagua toleo la plagini (programu ya dramu inayofunguka ndani ya programu ya kurekodia) lenye njia nyingi za kutoa sauti, umefungua chaneli kumi, lakini zote kimya isipokuwa ya kwanza. Ndani ya kichanganyio cha plagini kila maiki bado imeelekezwa kwenye njia ya 1 na 2. Ielekeze kila moja mahali pake huko ndani kwanza, ndipo chaneli za nje zipate sauti.

---

nusu_tiki

Mimi napingana kidogo na hili la kuacha muda ubaki kwenye gridi kwa muda mrefu. Nguvu zikishakaa, muda una kazi yake, ila lazima uwe na mwelekeo.

Kwa 96, hesabu moja ni milisekunde 625. Programu yenye tiki (vipande vidogo vya muda) 480 kwa hesabu inakupa tiki moja kuwa milisekunde 1.3; yenye tiki 960, zidisha namba zangu mara mbili. Acha kiki kwenye gridi maana besi inaishi hapo. Sogeza snea ya pili na ya nne nyuma kwa tiki 6, karibu milisekunde 8, kila mara, wimbo mzima. Wimbo unakaa chini, unapumua. Ukiiwahisha snea kwa tiki 4 badala yake, wimbo unasukuma. Chagua kimoja. Mpiga dramu mzuri ana tabia, na tabia ni kitu kinachojirudia; ndiyo maana bahati nasibu haiwezi kuiiga.

Mapigo ya chini chini yafuate mkono uliopiga snea: nayo yachelewe hivyohivyo. Krashi na kiki zichague pamoja, zisogee pamoja.

Njia bora kuliko mausi ni vidole. Kinanda kidogo cha MIDI kinatosha. Piga kiki na snea mzunguko wa kwanza, haihati mzunguko wa pili. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) iwe sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ambayo ni milisekunde 2.7 tu kabla ya kuongeza za kadi ya sauti. Ikifika 512 ni zaidi ya milisekunde 10 na vidole vitaanza kupigana na masikio. Ukimaliza, kwantaizi (vuta noti kuelekea gridi) kwa nguvu ya asilimia 60 hadi 75. Kosa kubwa linarekebishwa, tabia ya mkono wako inabaki.

---

gita_na_besi

Asanteni sana wakuu. Nimerudisha gridi, nimejenga baa ile moja, nimeichelewesha snea kwa tiki 6. Tofauti ni kubwa, na besi imerudi kushikana na kiki bila kurekodi upya.

Yamebaki mawili. Fili yangu, yaani mapigo ya mpito, ya kuingia kiitikio (tomu, robo robo, hesabu mbili za mwisho) bado inasikika kama mashine. Na mwisho wa wimbo krashi inakatika ghafla.

---

vijiti_viwili

Fili ya mapigo manane ya robo hesabu kwa 96 ina milisekunde 156 kati ya pigo na pigo. Mikono inapokezana, na mkono mmoja daima ni mzito kuliko mwingine. Andika hivi: 96, 82, 100, 84, 104, 90, 110, 98. Inapanda kuelekea kiitikio, na kila la pili ni jepesi. Usianze na tomu ya juu kwa nguvu za mwisho, utakosa pa kwenda.

Futa haihati ya mikono kwenye hesabu hizo mbili. Hakuna mkono uliobaki. Mguu wa kushoto unaweza kubaki na noti 44 kwenye kila hesabu, velositi 50 hivi, na hilo peke yake linaunganisha fili na wimbo. Kama pigo la nane liko kwenye tomu ya chini na krashi iko upande wa pili wa seti, jaribu kulifuta pigo la nane kabisa. Mkono unahitaji muda wa kusafiri, na ile nafasi ndogo kabla ya krashi inaifanya itue kwa uzito.

Ongeza kitu kimoja kabla ya fili: pigo la mwisho la snea lifanye la vijiti viwili. Noti ya kwanza velositi 40, ya pili 114, kati yake milisekunde 20 hadi 25, yaani tiki 15 hadi 19. Noti kubwa ndiyo ikae kwenye muda wa snea, ile ndogo itangulie.

---

chumba_na_maiki

Krashi kukatika kuna sababu mbili, na zinatambulika kirahisi. Ikikatika pale pale faili linapoisha, eneo la kutoa faili limefupishwa: ongeza sekunde 6 hadi 8 baada ya noti ya mwisho, ushushe sauti taratibu mwishoni. Ikikatika ukiwa unacheza ndani ya programu, hasa kukiwa na mapigo mengi ya haihati baada yake, idadi ya sauti zinazoruhusiwa kulia kwa pamoja imejaa na plagini inaua ya zamani zaidi. Ipandishe kwenye mipangilio ya plagini. Seti yenye maiki kumi inakula sauti nyingi kwa kila pigo moja.

Na usichanganye na haihati ya wazi inayokatwa na iliyofungwa. Hiyo ni sahihi, toazi mbili zikikutana sauti inazimika. Kama kwako 46 inaendelea kulia chini ya 42, basi hizo mbili hazijawekwa kwenye kundi moja la kuzimana, ziweke.