Kompyuta haitoi sauti tangu nibadilishe monita. Nipige Windows upya?

Mkazi_wa_Tabata

Wakuu habari. Mashine ni ya mtumba, i5 ya kizazi cha sita, Windows 10. Nyuma ina matundu matatu ya sauti: waridi, kijani na bluu, na sabufa ya 2.1 imechomekwa kwenye la kijani. Monita ya zamani ilikuwa ya VGA, sasa nimeweka ya HDMI, na tangu hapo ni kimya kabisa. Alama ya spika chini kulia haina x, sauti iko 100, video zinacheza vizuri. Fundi anasema draiva (programu inayoendesha sauti) imekufa, tupige Windows upya kwa elfu ishirini. Kuna la kujaribu kabla ya hapo?

Waya_Mwekundu

Hiyo elfu ishirini kaa nayo kwanza.

Alama ya spika isiyo na x inakwambia tu kwamba Windows ina mahali pa kupeleka sauti. Haikwambii ni wapi. VGA inabeba picha peke yake, lakini HDMI inabeba picha na sauti. Ulipochomeka monita mpya, Windows iliona kifaa kipya cha sauti na kuna uwezekano mkubwa imekifanya chaguo-msingi. Monita nyingi za ofisini hazina spika, kwa hiyo sauti inaingia humo na kuishia humo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, Enter. Kwenye kichupo cha Playback utaona orodha ya vifaa. Kimoja kitakuwa na jina la monita yako na chini yake neno la Intel au la kadi ya picha, kingine kitaandikwa Speakers na chini yake Realtek, yaani chipu ya sauti ya kompyuta yenyewe. Sasa cheza wimbo wowote na uangalie kulia kwa kila kifaa: kuna vijistari vidogo vinavyowaka kijani na kupanda na kushuka kufuata sauti. Vikicheza kwenye monita na Realtek ikabaki kijivu, umeshampata mchawi. Bofya Speakers ya Realtek, kisha Set Default. Halafu bofya kulia kwenye ile ya monita na uchague Disable. Ukiiacha hai, siku moja monita italala na kuamka, na sauti itahamia huko tena.

Funga programu iliyokuwa inacheza na uifungue upya. VLC ina orodha yake, menyu ya Audio, halafu Audio Device. Kama kuna mtu aliwahi kuchagua kifaa pale, haitafuata Windows. Na kwenye Windows 10 yenyewe kuna ukurasa wa App volume and device preferences unaoweza kuipa kila programu kifaa chake. Chini kabisa kuna Reset.

Kama Realtek haipo kwenye orodha, bofya kulia mahali patupu na uweke tiki kwenye Show Disabled Devices na Show Disconnected Devices. Rudi na jibu la vijistari, ndilo litakalotuonyesha pa kwenda.

Mkazi_wa_Tabata

Asante mkuu. Kweli vilikuwa vinacheza kwenye monita. Nimeweka Realtek kuwa chaguo-msingi, sasa vijistari vya Realtek vinapanda na kushuka, lakini sabufa bado kimya. Hedifoni nikizichomeka tundu la mbele zinaimba.

FundiBench

Vijistari vikicheza kwenye Realtek maana yake Windows imeshafanya kazi yake na inatuma sauti. Hedifoni zikiimba, draiva ni nzima na chipu ni nzima. Tatizo liko kati ya chipu na spika, na hapo hata ukipiga Windows mara kumi hupati kitu.

Anza na sabufa. Chomoa waya wake kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni. Ikiwa kimya na huko, kosa ni lake. Sabufa nyingi za mtaani zina AUX, BT, USB na FM, na umeme ukikatika zinarudi kwenye BT au USB zenyewe. Bonyeza MODE au INPUT kwenye rimoti mpaka kioo kiandike AUX. Angalia pia nyuma yake: tundu jekundu na jeupe la kuingiza sauti liko jirani na tundu jekundu na jeupe la kutoa sauti kwenda spika ndogo, na ukubwa ni uleule. Waya wa kompyuta unakaa kwenye INPUT au AUX IN. Sijui nani alibuni kuyaweka pamoja.

Ikiimba kwenye simu, rudi kwenye kompyuta. Hakikisha pini iko tundu la kijani na imeingia hadi ikatoa mlio wa kubana. La waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti. Halafu hili ndilo ninalolishuku kwako: draiva za Realtek kwa kawaida huzima tundu la nyuma pale hedifoni zinapochomekwa mbele. Je, ulijaribu sabufa huku hedifoni ziko mbele? Chomoa hedifoni.

Kama mbele hamna kitu na nyuma bado kimya, tundu la mbele linaweza kuwa linadanganya. Ndani yake kuna kijibati kinachoiambia chipu kwamba pini imeingia. Kikipinda au kikijaa vumbi, kinabaki kimegusa na mashine inaamini hedifoni zipo muda wote. Chomeka na kuchomoa pini ya hedifoni haraka haraka mara kumi hivi huku wimbo unacheza, usikilize kama sabufa inashtuka. Ikishtuka, ndipo penyewe. Uhakika kamili: zima mashine, toa waya wa umeme, fungua ubavu, chomoa plagi ya paneli ya mbele kwenye pini za bodi zilizoandikwa F_AUDIO. Washa. Nyuma pakiimba, tundu la mbele ndilo mhalifu. Baadhi ya mashine za kiwandani zitalalamika wakati wa kuwaka kwamba sauti ya mbele haipo. Bonyeza kitufe inachotaja na uendelee.

Kwenye keisi za zamani utakuta plagi mbili kwenye waya mmoja, HD AUDIO na AC'97. Inayochomekwa ni HD AUDIO. Ile nyingine haina waya wa kutambua pini, ndiyo inayoleta vituko vya aina hii.

Nyaya_na_Nyuzi

Nyongeza kwa watakaofika hapa na tatizo tofauti, yaani Realtek haionekani hata baada ya Show Disabled Devices.

Ingia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows (F2, F10 au Del wakati wa kuwasha, kutegemea mashine), tafuta kipengele cha Audio uone kama kimewashwa. Betri ya bodi, ile CR2032, ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani, kwa hiyo tarehe ikiwa imepotea pia, badilisha betri kabla ya lolote.

Sauti ikiwa imewashwa huko, fungua Device Manager, sehemu ya Sound, video and game controllers. Palipo na alama ya njano ya mshangao, bofya kulia, Uninstall device, weka tiki ya kufuta na draiva, halafu menyu ya Action, Scan for hardware changes. Windows itaweka draiva yake ya jumla iitwayo High Definition Audio Device. Haina mbwembwe lakini kwa spika mbili inatosha. Ukitaka ya Realtek, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine kwa kutumia modeli yako. Zile programu za bure zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache kabisa.

Kama alama ya spika ina x nyekundu na Device Manager ni safi, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike net stop AudioEndpointBuilder /y kisha net start Audiosrv. Amri ya pili inaamsha huduma zote mbili, kwa sababu Audiosrv inategemea ile ya kwanza.

Otis_wa_Linux

Wenye Ubuntu au Mint: alsamixer kwenye terminal, F6 kuchagua kadi. Ukiona MM chini ya mstari, umezibwa. Simama juu yake ubonyeze herufi m. Kile kisa cha mbele kuzima nyuma kiko pia huku, kinaitwa Auto-Mute Mode, kiweke Disabled.

Mkazi_wa_Tabata

FundiBench, nimechomeka na kuchomoa hedifoni, sabufa ikashtuka, ikakata, ikashtuka tena. Nikiuegemeza waya wa hedifoni pale mbele upande mmoja, sabufa inaimba moja kwa moja. Ninyunyizie ile ya kulainisha bawaba?

FundiBench

Hapana, ile inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Tumia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, inayokauka yenyewe. Zima mashine, nyunyiza kidogo kwenye tundu la mbele, ingiza na kutoa pini mara kadhaa, iache dakika kumi na tano kabla ya kuwasha. Kama kijibati kimepinda dawa haitakinyoosha; hapo acha plagi ya F_AUDIO ikiwa imechomolewa, na kwa hedifoni nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Windows 10 inaitambua bila draiva. Ila itajiongeza kwenye orodha ya Playback, kwa hiyo baada ya kuichomeka fungua tena mmsys.cpl uhakikishe tiki ya kijani haijahamia kwake.