S25 Ultra wiki ya tano: niuze sai ama nikae nayo? Naombeni ushauri

JaKondele91
Habari zenu wadau, naombeni ushauri wa haraka juu hata usingizi sipati. Niko na simu ya Samsung, S25 Ultra, wiki tano sasa. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu ameoa jana, naamka usiku naiwasha tu nione vile kioo kinang'aa halafu nalala. Sai mapenzi imepoa. Kwanza ni nzito, zile kona zake zinanidunga paja nikikalia boda, na nikiishika nikiwa nimelala kiganja kinabaki na alama. Pili ni betri. Natoka Kondele saa moja asubuhi ikiwa mia, saa kumi jioni niko na 14 na sijacheza gemu yoyote, ni wasap na video kidogo. Jua la Kisumu mnalijua, ikipigwa nalo inashika moto mpaka naogopa kuiweka mfuko wa mbele karibu na vitu vya maana. Chaja haikuja kwa boksi, natumia ile kichwa ya mia tatu ya stendi. Swali langu ni moja tu, niuze kabla bei ishuke ama nivumilie? Picha lakini, wacha tu. Picha ni safi.

FundiSimu_Kibuye
Kabla uuze chochote tupa hiyo kichwa ya mia tatu. Hiyo simu inakubali chaja ya wati 45, wewe unailaza usiku kucha na kitu ambacho hata aliyekuuzia hajui kinatoa nini. Ingia setingi za betri, kuna sehemu ya kulinda betri, weka ile ya kusimamia 80. Na kama unaifunganga kwa hendo ya boda ndio uone ramani, acha. Kamera ya hizi simu kubwa lenzi yake inaelea ndani, haijakazwa, ule mtetemo wa barabara zetu unaimaliza pole pole. Nimefungua za watu wa boda nikapata lenzi inacheza kama jino la mtoto.
Lakini 14 saa kumi, simu ya wiki tano? Hapo sijaelewa. Ulipoichukua boksi ilikuwa bado imefungwa na stika zake?

MtuWaChavakali
Simu ya zaidi ya laki, chaja ya mia tatu. Huko kwetu tunaita hiyo kununua ng'ombe ya gredi halafu unamlisha magazeti.

WanjikuNaka
Ungechukua iPhone ndugu yangu. Mimi niko Nakuru, binamu aliniletea yangu kutoka Marekani, kufungua naona haina shimo la laini. Nikazunguka nayo na pini mkononi natafuta pa kudunga, nikajua basi nimeletewa mbovu. Kumbe za kule kuanzia iPhone 14 hazina hiyo kitu, laini inaingizwa bila kadi. Nikaenda dukani wakanishughulikia nikiwa nimesimama hapo. Mwaka wa pili sasa na nikitaka kuuza kesho wanunuzi wako mlangoni.

JaKondele91
@WanjikuNaka sijauliza iPhone.
@FundiSimu_Kibuye chaja nitabadilisha. Ilikuwa kwa boksi, ndio.

OmeraWaDunga
Wacha niwape yangu. Nilikuwa Dunga na wageni tumekula ngege tumeshiba, nikajifanya mwenyeji, eti naosha mikono na maji ya ziwa kama mababu. Kuinama hivi, simu ikaruka kutoka mfuko wa shati. Hizi simu wanasema zinakaa maji mita moja na nusu kwa nusu saa, lakini hakuna mahali wameandika kuhusu matope na magugu ya ziwa letu. Kijana wa mashua akavua shati akaingia, akapapasa huko chini kama mtu anatafuta kambare, dakika kumi hivi. Alipoitoa tu nje ikaanza kulia, ni bibi yangu. Nikashika. Akaniuliza mbona nasikika kama niko ndani ya pipa. Hiyo simu ndio naandikia hapa. Kwa hivyo ushauri wangu usiuze.

MamaWawili
Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Hakuna mtu anauza simu ya wiki tano kwa sababu ya kona. Kona mtu anaweka kava. Hiyo pesa ilitoka wapi?

JaKondele91
Pesa ni yangu mama.

JaKondele91
Yaani ni pesa ya familia. Lakini mimi ndio nilikuwa nashughulikia.

ChapoMadondo
😂😂😂 "nilikuwa nashughulikia". Vuta kiti wadau.

MamaWawili
Familia gani, na ilikuwa ya kufanya nini? Sikugombezi. Sema tu ndio watu wakusaidie na kitu unaulizia kweli.

JaKondele91
Sawa. Kaka yangu mkubwa yuko Doha, anafanya kazi ya ulinzi. Alituma laki na ishirini ya kuezeka nyumba ya mathe huko Seme, mbao, mabati na fundi. Kuta zilisimama mwaka jana, sai nyasi imeanza kumea huko juu. Na kwa haki ya Mungu siku hiyo nilikuwa njiani naenda kununua mabati, karatasi ya fundi iko mkononi, mabati 42 geji 30, kofia, misumari, kila kitu. Jamaa mmoja karibu na stendi akaniambia ako na S25 Ultra mpya, laki na tano, dukani mnajua zinaenda ngapi. Nikasimama hapo na jua nikapiga hesabu. Mimi hupiga video za harusi na mechi za mtaa, na simu yangu ya zamani watu walikuwa wanatoka kama wamechorwa na makaa. Nikaona hii kwa miezi mitatu inarudisha pesa yote na mabati naongeza rangi juu. Sio ati nilikula, niliwekeza. Na nimeshapata harusi moja, Ahero, elfu nne na chakula.

MtuWaChavakali
Elfu nne na chakula. Bado harusi ishirini na tano na kidogo, na hiyo tumbo utakuwa umeifanyia kazi kweli.

MwalimuMstaafu_Maseno
Kijana, nimefundisha miaka mingi na nimeona watu wengi wakianguka, na karibu wote walianza na neno hilo, kuwekeza. Pesa ya mtu aliye ughaibuni ni jasho la mtu anayesimama usiku kucha langoni mwa watu, kwenye joto ambalo wewe hulijui. Mama yako analala wapi wakati huu wewe unakagua kioo?

JaKondele91
Mwalimu mathe analala kwa nyumba yake ya zamani, haijaanguka. Inavuja upande wa jikoni peke yake.

ChapoMadondo
Na kaka wa Doha ameambiwa nini?

JaKondele91
Anajua mabati iko juu.

ChapoMadondo
Iko juu ya nini

JaKondele91
Nilimtumia picha. Jirani wetu ameezeka juzi, mabati ya bluu, na boma yake na yetu zinafanana, ukisimama vizuri hata ule mwembe wetu unatokea kwa kona. Kwanza nikapiga ya mbali nikavuta zoom, ikatoka mpaka misumari unaweza kuhesabu. Halafu kaka akasema anataka kuniona mimi nikiwa hapo. Nikaegemeza simu kwa lundo la matofali, nikatoa ile kalamu yake inayokaa ndani ya simu, nikaenda nikasimama chini ya ile paa na nyundo ya fundi wa jirani. Nikabonyeza kalamu nikiwa hapo hapo, picha ikajipiga. Akanijibu na emoji ya kulia, akasema mathe sasa atalala kama binadamu. Akatuma elfu tano ingine ya kununulia fundi soda.
Anakuja Disemba.

MamaWawili
Ai. Elfu tano ya soda.

OmeraWaDunga
Omera.

MtuWaChavakali
Nimecheka kwanza halafu nikaacha. Na jirani alikukopesha nyundo akijua ni ya kazi gani?

DohaBoy_2
Habari. Mimi ndio huyo kaka. Rudisha pesa yangu leo.

JaKondele91
Ni nani huyo?? Jina la pili la mathe ni gani?

DohaBoy_2
😂😂 Tulia buda, mimi ni makanga wa hapa Luanda, nimefungua akaunti juu yako tu.

JaKondele91
Msinifanyie hivyo. Nusu niangushe simu kwa choo.

Tomaso_Milimani
Samahani kwa kuharibu sherehe lakini mnachezewa wote. Someni tena vile amesema. Ametoa kalamu, akaenda mbali, akabonyeza, picha ikajipiga. Kalamu ya S25 Ultra haifanyi hivyo. Blutuuthi waliitoa kwa kalamu ya hiyo simu, watu walilalamika sana ilipotoka mwanzo wa 2025, hata mimi nililalamika na sina hata pesa ya kava. Ile ya kubonyeza mbali ilikuwa S24 Ultra kurudi nyuma. Kwa hivyo huyu hana S25 Ultra, hajawahi kuishika, ametunga hii hadithi akiwa ameketi mahali na simu ya kawaida. Mathe, mabati, kaka wa ulinzi, machozi, kila kitu kimepangwa vizuri sana. Ni hiyo kalamu tu imemwangusha.

ChapoMadondo
Aisee. Na mimi nilikuwa nimeanza kumuombea.

MwalimuMstaafu_Maseno
Kama ni hadithi basi imeandikwa vizuri, ila ni aibu kuwasumbua watu wazima.

JaKondele91
Nitunge ndio nipate nini?? Mnadhani mtu anaweza jianika hivi bure? Nimebonyeza kalamu sai tena nikiwa mlangoni, simu iko kitandani, imepiga picha ya dari. Wewe Tomaso kama huna simu nyamaza.

Tomaso_Milimani
Dari ni ya mabati ama ni ya jirani pia?

FundiSimu_Kibuye
Hebu ngojeni kidogo. Kuna njia ya tatu hapa na mimi naogopa ndio yenyewe. JaKondele, usikasirike, nijibu pole pole. Ulisema kona zinadunga. Kona za S25 Ultra zimeviringwa, hazidungi mtu. Zenye zinadunga ni za S24 Ultra, ile imekatwa mraba kama sanduku ya kiberiti. Ulisema ni nzito, S25 Ultra ni gramu 218, hiyo ingine ni 232, mkono unajua. Betri inaisha saa kumi. Kalamu inabonyeza mbali.
Ingia setingi, shuka mpaka mwisho kabisa, fungua kuhusu simu. Usisome lile jina kubwa la juu, hilo mtu yeyote anaandika anachotaka, hata mimi yangu imeandikwa Baba Boi. Shuka hapo chini kwa namba ya modeli. Ya S25 Ultra inaanza SM-S938. Ya S24 Ultra inaanza SM-S928. Andika hapa unachoona.

WanjikuNaka
Mungu wangu.

ChapoMadondo
Mbona kimya

MtuWaChavakali
Ameenda kuchukua miwani.

OmeraWaDunga
Mpeni nafasi jameni. Mimi hata ziwani sikuchukua muda hivi kuamini simu imeenda.

JaKondele91
SM-S928B

JaKondele91
Juu imeandikwa Galaxy S25 Ultra. Chini SM-S928B. Na hapo katikati kumbe imeandikwa jina lenyewe, S24 Ultra, sijawahi shuka hapo hata siku moja. Boksi iko hapa imeandikwa S25.

FundiSimu_Kibuye
Bonyeza *#06#, itakutolea IMEI, namba ya simu yenyewe, ulinganishe na ile ya boksi.

JaKondele91
Haifanani hata kidogo.

FundiSimu_Kibuye
Basi uliuziwa boksi ya mtu na simu ya mtu mwingine. Hiyo betri imekula chaja ya watu wengine tangu sijui lini, si wiki tano. Kioo na kamera ni zile zile unaona, bado ni simu nzuri sana, wameahidi masasisho miaka saba kutoka 2024. Lakini laki na tano haikuwa bei yake. Risiti iko?

JaKondele91
Aliniandikia kwa karatasi. Haina jina la duka. Namba yake nimepiga sai, imezimwa.

Tomaso_Milimani
Sawa. Ama umeandika hiyo namba juu Fundi ameshakupatia jibu. Weka picha ya hizo kona.

JaKondele91
Nitapiga picha ya simu na nini, na simu ndio kamera?

Tomaso_Milimani
...hiyo ni kweli.

MamaWawili
Mwache Tomaso. Mwanangu, iwe 24 iwe 25, mabati haiko juu. Leo jioni piga simu Doha umwambie kaka yako mwenyewe, kabla jirani amwambie. Na kesho uende polisi na hiyo boksi, kama hiyo simu iliibiwa mahali usipatikane nayo.

JaKondele91
Mama nimekusikia. Lakini kuna kitu ingine sikusema. Ile swali ya kuuza, nilikuwa nimeshaiweka sokoni juzi. Nimeandika S25 Ultra, wiki tano, safi kama mpya. Mtu amenitumia deposit elfu kumi. Yuko Nakuru, anakuja kesho na basi ya asubuhi.

WanjikuNaka
Nakuru wapi? Msinambie ni wa kanisa letu.

MtuWaChavakali
Kwa hivyo wewe sasa ndio yule jamaa wa stendi.

JaKondele91
Mimi sikujua! Yeye alijua, mimi sikujua. Na nikimwambia ni 24 atataka deposit, na hiyo deposit nimenunua mabati sita. Ya ukweli. Ziko hapa kwa veranda, nilitaka nianze na upande wa jikoni.

ChapoMadondo
Mabati sita 😭 piga picha basi, kamera unayo.

JaKondele91
Anapiga sai. Yule wa Nakuru.

MamaWawili
Shika.

FundiSimu_Kibuye
Shika umsomee hiyo namba ya modeli vile iko. Herufi kwa herufi.

JaKondele91
Imekata. Betri iko 9. Anapiga tena.