Miche ya mikaratusi inalala usiku mmoja, nisaidieni

KitaluLangata: Wakuu, nina kitalu kidogo kando ya barabara huku Lang'ata. Mwisho wa mwezi wa sita nilimwaga mbegu za mkaratusi, zikaota vizuri hadi nikaanza kuhesabu pesa. Sasa na hii baridi ya Julai, kila asubuhi nakuta kiraka kimelala. Shina limenywea pale linapogusa udongo, jembamba kama uzi, na majani bado mabichi. Ile ya Februari iliyo kwenye tyubu, yenye kimo cha shubiri, haianguki, ila katikati ya kundi majani ya chini yanaoza na yameota manyoya ya kijivu. Nimeongeza maji, nimepiga dawa ya viazi mara mbili. Wapi!

BabaMiche: Unamwagilia saa ngapi? Udongo ulitoa wapi? Trei ni mpya?

KitaluLangata: Jioni nikifunga. Udongo ni wa shamba la nyanya la jirani, nikachanganya na samadi. Trei ni za mwaka jana, nilizikung'uta tu.

BabaMiche: Basi umejijibu. Hapo una magonjwa mawili. Midogo ina kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha shina la mche kwenye udongo. Vimelea vyake, Pythium, Rhizoctonia na Fusarium, hukaa udongoni, na shamba la nyanya huwa limewafuga. Halafu mbegu ya mkaratusi ni kama vumbi, mtu humwaga nyingi bila kujua, miche inabanana na unyevu haupati pa kutokea. Iliyolala haiamki. Ng'oa kiraka chote na udongo wake, pamoja na mizima inayokizunguka, utupe mbali. Maji yawe ya asubuhi, kidogo.

Manyoya ya kijivu ni kuvu aitwaye Botrytis. Huanzia kwenye majani yaliyokufa, kisha baridi ikishika hupanda shina. Tenganisha tyubu, zipange kwa kimo ili mirefu isifunike mifupi, okota majani makavu kila siku. Na uache kuishibisha samadi, miche laini huliwa kwanza.

Mwananchi_Rongai: Mimi nilipiga kabendazimu, dawa ya kuvu, kila wiki, ikaisha.

AgroDada: Iliisha au baridi ndiyo iliisha? Botrytis huizoea kabendazimu upesi sana. Na kama hiyo dawa ya viazi ni ya metalaksili, inampiga Pythium (ambaye kusema kweli si kuvu halisi), lakini Rhizoctonia haimtikisi. Kabla hujanunua nyingine, funga miche michache migonjwa na udongo wake kwenye gazeti, uwapelekee KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga. Usitie kwenye plastiki, itaozea njiani.

MtoMbagathi: Kwani bado mnauza mikaratusi? Waziri wa mazingira Michuki aliamuru 2009 ing'olewe kando ya mito. Acheni ife.

AgroDada: Kando ya mito, ndugu. Fungua uzi wako.

KitaluLangata: 😂 BabaMiche, udongo wa msimu ujao niuchome?

BabaMiche: Jua linatosha. Januari, jua likiwa kali, ulowanishe, uutandaze, uufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga wiki 4 hadi 6. Trei zioshe, kisha uziloweke kwenye maji ya klorini. Mbegu changanya na mchanga mkavu ndipo umwage, zitatawanyika.

KitaluLangata: Mrejesho: trei saba, nimetupa nne na nusu. Leo nimemwagilia saa mbili asubuhi. Jirani wa nyanya ameniuliza nakuja lini kuchukua mzigo mwingine wa udongo, nimejifanya simu inaita.